Mtoto Mchanga Anayecheua Maziwa: Namna ya Kumtuliza, na Wakati wa Kumkimbiza Hospitali

Chukua kijiko kimoja kikubwa cha mezani, kijaze maziwa, uyamwage juu ya kanga iliyotandazwa, kisha usubiri kidogo. Doa litakalotokea litakuwa kubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, na asiyejua kilichomwagwa ataapa kwamba ni nusu kikombe, ilhali kijiko hicho hubeba mililita 15 tu. Jaribio hili linamfaa kila mzazi ambaye, kila anapomaliza kunyonyesha, hujikuta bega limelowa na moyo unamwenda mbio, akiamini kwamba mtoto amerudisha yote aliyokunywa. Hofu hiyo ndiyo inayowapeleka wengi dukani kununua dawa zisizohitajika, na wengine kwa watu wanaokata vimeo vya watoto, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni, jambo ambalo tutalirudia.

Mahali umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, unapoingia tumboni pana msuli wa duara ambao kazi yake ni kufunguka chakula kinaposhuka na kujifunga mara kikishapita. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado hulegea ovyo, umio wenyewe ni mfupi wa sentimita kumi hivi, tumbo lake siku ya kwanza halichukui zaidi ya kijiko kimoja au viwili vya chai, chakula chake chote ni majimaji, na sehemu kubwa ya siku huipitisha akiwa amelala. Kwa hali hiyo, maziwa yasiporudi ndiyo ajabu. Yanaporudi baada ya kukaa tumboni kitambo huja na asidi, na ndiyo maana wakati mwingine hunuka uchachu na kuonekana yamegandaganda kama mtindi. Kuganda huko si ushahidi kwamba maziwa ya mama yameharibika, bali ni kazi ya kawaida ya tumbo. Mama aliyesumbuliwa na kiungulia wakati wa ujauzito, akafarijiwa na mawifi kwamba mtoto atazaliwa na nywele nyingi, anakijua kitu hiki. Ni kilekile, ila yeye aliweza kukaa wima na kusema panapomuuma.

Kwa kawaida hali hii huanza kabla ya wiki ya nane, hufikia kilele karibu na mwezi wa nne, wakati ambapo watoto kama wawili katika kila watatu hucheua angalau mara moja kwa siku, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa mwenyewe na kula vyakula vizito. Kwa watoto tisa katika kila kumi huwa imekwisha kabla hawajatimiza mwaka. Mtoto anayecheua mara sita kwa siku, akapanguswa mdomo, akatabasamu na kuendelea kuongezeka uzito, hana ugonjwa wowote, na anayestahili kuhurumiwa hapo ni yule anayefua kanga.

Ugonjwa ni kitu kingine. Hutokea pale asidi inapolichoma umio hadi mtoto akaogopa kunyonya, au maziwa yanaporudi kwa wingi hata asikue, au yanapoingia katika njia ya hewa. Mtoto wa namna hiyo hulishika titi kwa pupa, akavuta mara tatu nne, akaliachia kwa kilio huku akijipinda mgongo kwa nyuma kama upinde. Akibembelezwa hulirudia, akaliachia tena. Wengine hukohoa au kukorota kila baada ya kunyonya. Wapo pia ambao hawatoi kitu mdomoni, kwa kuwa maziwa hupanda hadi kooni yakamezwa tena, hivyo kanga huwa kavu na mtoto akaumia vilevile. Kule kujipinda, hasa shingo inapopinda upande mmoja, kumewahi kudhaniwa kuwa ni degedege; tofauti kubwa ni kwamba hutokea wakati wa kunyonya au mara baada yake, na mtoto huwa na fahamu zake. Hata hivyo, kuamua tofauti hiyo ni kazi ya daktari, na hapana mzazi anayepaswa kuibeba peke yake nyumbani.

Kulia peke yake si ushahidi. Watoto wote hulia zaidi kadiri siku zinavyokwenda mpaka kama wiki ya sita, wengine hadi saa tatu kwa siku, kisha kilio hupungua chenyewe. Kinachosema kweli ni mizani ya kliniki. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, akaurudisha uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki mbili, na baada ya hapo huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza. Mstari wa kadi yake ukiwa unapanda, una nafasi ya kutulia na kujaribu mambo yanayofuata moja baada ya jingine. Ukiwa umelala au unashuka, usianze kujaribu chochote kabla hajaonwa na mtaalamu.

Namna ya kulisha

Mengi hurekebishwa hapa, kwa sababu hewa inayomezwa pamoja na maziwa huyasukuma kurudi juu inapotafuta njia ya kutoka. Mtoto aliyelishika titi vizuri kinywa chake huwa kimepanuka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukisikia mlio wa kudatadata ulimi anaponyonya, au mashavu yake yanabonyea ndani, anameza hewa. Ingiza kidole chako kisafi pembeni mwa mdomo wake, mtoe taratibu, kisha umwanzishe upya. Inachosha kufanya hivyo mara nne usiku wa manane, lakini hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo.

Wapo akina mama ambao maziwa yao huruka kwa nguvu, hasa asubuhi titi likiwa limejaa, na mtoto hupaliwa, akameza kwa haraka, akajaa hewa. Kamua kidogo kwenye kikombe kisafi mpaka mruko wa kwanza upungue, ndipo umpe. Vilevile unaweza kuegemea nyuma kwenye mito na kumlaza mtoto kifudifudi juu ya kifua chako, tumbo kwa tumbo, ili anyonye maziwa yakipanda kumfuata badala ya kummiminikia kooni. Nyote wawili muwe macho mnapofanya hivyo. Akimaliza titi moja akatosheka, usimlazimishe la pili. Akicheua, usimrudishe titini hapohapo ili kufidia kilichotoka. Subiri aonyeshe njaa yake mwenyewe. Jambo moja halihitaji mjadala: kucheua si sababu ya kumwachisha ziwa. Maziwa ya mama hutoka tumboni upesi kuliko ya kopo, na mtoto aliyebadilishiwa kwa ajili ya kucheua mara nyingi huishia kucheua zaidi.

Kwa mtoto anayetumia maziwa ya kopo, hesabu ndiyo inayoanza. Mtoto mchanga huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24. Tuchukue mtoto wa kilo 4: siku nzima anahitaji mililita 600, yaani akilishwa mara nane, mililita 75 kila mara. Sasa tuseme bibi yake, kwa mapenzi, anamtengenezea mililita 120 kila baada ya saa tatu na kumbembeleza mpaka chupa ibaki tupu. Hiyo ni mililita 960. Kinachorudi hapo ni ziada, na tiba yake ni kuipunguza: kipimo kidogo, mara nyingi zaidi, bila kupita jumla ya siku. Usiongeze kijiko cha unga kwa nia ya kumshibisha wala usikipunguze ili kopo lidumu. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kifuatwe, kijiko kikiwa kimesawazishwa juu.

Tazama pia chuchu ya chupa. Ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone baada ya tone, si kutiririka. Katika nyumba nyingi tundu hilo huwa limepanuliwa kwa sindano iliyopashwa moto ili mtoto amalize upesi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Chupa ishikwe karibu na kulala sawa, chuchu ikiwa imejaa maziwa, na mtoto apewe nafasi ya kupumzika kila baada ya dakika chache. Kikombe kidogo kisafi ni bora kuliko chupa kwa sababu ni rahisi kukiosha. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, naye anywe kwa ulimi wake mwenyewe bila kumiminiwa.

Kumcheulisha, yaani kumtoa hewa aliyoimeza, kufanyike katikati ya kunyonya na mwishoni. Mweke begani kidevu chake kikiwa juu ya bega lako, au mkalishe pajani akiegemea mbele kidogo huku ukilishika taya lake kwa vidole bila kuibana koo, kisha umsugue mgongo kutoka kiunoni kwenda juu. Kusugua kunatosha; makofi mazito hayaongezi kitu isipokuwa kilio. Zikipita dakika tano bila mbweu, yawezekana hakuna hewa ya kutoka, na kumng'ang'ania ni kumwamsha bure.

Baada ya hapo mkae naye wima kwa dakika 20 hadi 30, kifua chake kikiwa juu ya kifua chako. Wima haimaanishi kumkalisha: mtoto wa wiki sita akikalishwa kwenye kiti cha gari au kile cha kubembea hukunjika kiunoni, tumbo likabanwa, maziwa yakapanda kuliko angekuwa amelala. Kwa sababu hiyohiyo, kumbeba mgongoni kwa kanga iliyokazwa tumboni kusubiri kama nusu saa baada ya kunyonya. Kwa muda huo mfunge kifuani akiwa wima, uso wake ukionekana na kidevu kikiwa hakijagusa kifua chake. Nepi ibadilishwe kabla ya kunyonya, si baada, kwa kuwa kuinua miguu yote miwili juu ni sawa na kukamua mfuko uliojaa. Ikibidi kuibadilisha baadaye, mgeuze ubavu badala ya kuinua miguu. Mkanda wa nepi uache nafasi ya kuingia vidole viwili. Na shangazi aliyefika kutoka safari, mwenye hamu ya kumrusha mtoto juu na kumdaka, aombwe kwa heshima asubiri kidogo, kwa faida ya mtoto na ya gauni lake.

Kulala chali, hata kwa huyu anayecheua

Hapa ndipo wazazi na mabibi hutofautiana na wauguzi kwa nguvu zote, na hofu yao inaeleweka: mtoto aliyelala chali akicheua, je, hatapaliwa? Jibu limo katika mpangilio wa koo. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu na umio chini yake, kwa hiyo maziwa yanayopanda hulazimika kupanda tena kinyume cha uzito wake ili yaingie kwenye njia ya hewa, na mtoto huyameza au kuyatema pembeni. Akilazwa kifudifudi mpangilio hugeuka, umio ukawa juu, na maziwa hukusanyika mlangoni mwa njia ya hewa. Zaidi ya hilo, kulala kifudifudi huongeza hatari ya mtoto kufariki ghafla usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana katika nchi zote mbili. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaagiza hivyo hata kwa watoto wanaocheua.

Mlaze, basi, chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto, bila blanketi zito, bila mdoli. Kuinua upande wa kichwa kwa kuweka mto au matofali chini ya miguu ya kitanda kumeshauriwa kwa miaka mingi, lakini mtoto huteleza chini, kidevu kikakunjwa kifuani na pumzi ikabanwa, na maziwa hayapungui kurudi. Vitanda vya mwinamo vilivyouzwa kwa ajili ya tatizo hili vimehusishwa na vifo vya watoto, na sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ilipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Ukitumiwa kimoja na ndugu aliye ng'ambo, usimlaze mtoto ndani yake. Tumbo la mtoto liguse chini mchana tu, akiwa macho na wewe ukimtazama, na saa moja au zaidi imepita tangu anyonye.

Moshi wa sigara nao uondoke ndani ya nyumba, kwani humwongezea mtoto kucheua pamoja na kumharibia mapafu.

Chakula cha mama, na suala la maziwa ya ng'ombe

Mama anayenyonyesha hukatazwa vitu vingi na watu wengi: maharage, samaki wa aina fulani, pilipili, embe, maji baridi. Karibu katazo lote hilo halina msingi kuhusu kucheua, na mama anayekula kwa woga hudhoofika yeye. Lipo jambo moja la kweli. Watoto wachache wana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo hupita kidogo katika maziwa ya mama, na dalili zake hufanana sana na za ugonjwa wa kucheua asidi. Shuku hilo hasa ikiwa kinyesi cha mtoto kina michirizi ya damu au makamasi, ikiwa ngozi yake ina ukurutu usioisha, au ikiwa wazazi wenyewe wana pumu na mizio.

Ikiwa muuguzi au daktari anakubaliana na shaka hiyo, mama huacha vyote vitokanavyo na maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne, bila kuonjaonja. Katika jiko la Kiswahili maana yake ni kuacha chai ya maziwa, mtindi, siagi na samli, na kusoma maandishi ya biskuti, keki na mkate wa dukani, kwa sababu maziwa ya unga hujificha humo. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Chai ya rangi yenye mdalasini, wali na mchuzi wa tui la nazi, maandazi ya nazi yasiyotiwa maziwa, yote yanaruhusiwa. Na ili mifupa ya mama isilipe gharama, ale dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao, ufuta na mboga za majani, na aulize kama anahitaji vidonge vya kalisi. Wiki hizo zikiisha, arudishe maziwa kwa siku chache na kutazama. Dalili zikirudi, jibu limepatikana; zisiporudi, aendelee kunywa chai yake, maana kosa halikuwa lake. Mtoto wa maziwa ya kopo hupewa aina maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Ni ghali, na haifai kununuliwa kwa kubahatisha.

Uji usimtangulie mwezi wa sita. Ni kweli kwamba maziwa yaliyofanywa mazito hayapandi kwa urahisi, na daktari anaweza kuagiza hivyo kwa mtoto fulani wa maziwa ya kopo, lakini uji wa kujipimia humpunguzia mtoto maziwa, humletea kuhara maji yakiwa si salama, na kwa mtoto njiti baadhi ya vitu vya kuyafanya maziwa kuwa mazito vimehusishwa na ugonjwa mbaya wa utumbo.

Dawa, maji ya gripe na kisu cha kimeo

Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli hupunguza ukali wa kinachopanda, hazizuii kupanda kwenyewe. Zilipolinganishwa na dawa ya kuigiza isiyo na tiba ndani yake, kwa watoto waliokuwa wakilia na kucheua, hazikupunguza kilio, na asidi inapopungua, vimelea vya tumboni na kifuani hupata nafasi. Kwa hiyo huandikwa kwa mtoto ambaye umio wake unaaminika umeungua au ukuaji wake umezorota, kwa wiki chache, na kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Ranitidini, iliyokuwa ikitolewa sana, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na uchafu unaoweza kusababisha saratani. Metoklopramidi ni ya kuogopwa zaidi: Ulaya iliikataza kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja mwaka 2013, kwa sababu inaweza kuwakaza shingo, taya na macho. Nimewahi kupewa kichupa chake katika duka la dawa, nikaambiwa nimpe mtoto wa miezi miwili "kijiko nusu tu", bila mtu kuuliza kilo zake. Muuzaji anayepima dawa ya mtoto kwa macho aachwe na dawa yake.

Maji ya gripe yalibuniwa Uingereza mwaka 1851 na mfamasia William Woodward wa Nottingham, na kwa zaidi ya karne moja yalikuwa na pombe ndani yake, jambo linaloeleza kwa nini watoto wa zamani walitulia. Ya siku hizi nyingi hayana pombe, lakini nayo hayatibu kucheua, na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kinywaji kingine zaidi ya maziwa. Magadi ya jikoni yasitumike kabisa kuua asidi ya mtoto, kwa kuwa huvuruga chumvi za damu. Asali ingoje mpaka atimize mwaka, kwani yaweza kubeba mbegu za vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto mchanga.

Sasa kimeo. Katika sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani, mtoto anayekohoa au kutapika mara kwa mara huambiwa kimeo chake kimekuwa kirefu, akapelekwa kwa fundi wa kukikata. Mwingine huambiwa ana meno ya plastiki, na fizi zake zikachokonolewa kutoa kile kinachodaiwa kuwa meno mabovu, ambacho kwa kweli ni vichipukizi vya meno yake ya utotoni. Kimeo hakihusiki na mlango wa tumbo, na mtoto aliyekatwa huendelea kucheua, safari hii akiwa na kidonda. Watoto wametokwa damu hadi kufa kwa ajili hiyo, wengine wakapata pepopunda na maambukizi ya damu. Wanaosema kwamba walipona baada ya kukatwa hawasemi uongo: walikatwa katika mwezi wa nne au wa tano, na huo ndio wakati ambao kucheua huanza kupungua kwenyewe.

Na mama asinyoshewe kidole kwamba amembemenda mtoto. Tendo la ndoa halina njia ya kuyafikia maziwa, na aibu hiyo imewafanya wanawake wengi kuficha mtoto aliyepungua uzito mpaka akachelewa.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo akitapika kitu cha kijani, kwa kuwa ni nyongo, na yaweza kumaanisha utumbo umejisokota na saa chache ndizo zilizobaki. Vivyo hivyo akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, tumbo lake likivimba na kukaza, utosi ukibonyea au ukitutumka, akikauka nepi kwa saa sita hadi nane, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, akiacha kupumua kwa muda au kuwa wa bluu midomoni. Homa ya nyuzi joto 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni dharura hata kama ananyonya.

Lipo tatizo jingine ambalo huchanganywa na kucheua: msuli wa mlango wa kutokea tumboni kwenda utumboni hunenepa hadi ukaziba njia. Hutokea kati ya wiki ya pili na ya nane, zaidi kwa watoto wa kiume na hasa wa kwanza kuzaliwa. Maziwa huruka kwa nguvu na kuanguka mbali, kila baada ya kunyonya, kisha mtoto hulia njaa papo hapo kana kwamba hakupewa kitu. Huonekana kwa ultrasaundi na huponywa kwa upasuaji mdogo, mradi asifikishwe akiwa amekaukiwa maji.

Bila haraka ya namna hiyo, lakini ndani ya siku chache, aonwe mtoto ambaye uzito wake hauongezeki, anayekataa kunyonya mara kwa mara, anayekohoa au kupata nimonia inayojirudia, aliyeanza kucheua baada ya miezi sita, au anayeendelea baada ya mwaka. Waliozaliwa njiti na wenye mtindio wa ubongo wapewe macho ya karibu zaidi, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata wao kuliko wengine.

Ukilemewa na kilio usiku, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika kumi, unywe maji, umwamshe mwenzako. Usimtikise mtoto kamwe. Ubongo wake hauhimili.

Siku ya kwenda kwa daktari chukua kadi ya kliniki na karatasi yenye kumbukumbu za siku mbili tatu: saa alizonyonya, kiasi kama ni cha chupa, alicheua dakika ngapi baadaye, rangi yake, nepi ngapi zililowa. Usimnyonyeshe njiani akashiba, ili anyonye mbele ya daktari, maana anayemtazama mtoto akinyonya hujifunza mengi kuliko anayemsikiliza mama akieleza. Na ile hali ya kujipinda mgongo, ambayo kwa kawaida haitokei kamwe ndani ya chumba cha daktari, irekodi kwa simu nyumbani, kwenye mwanga wa kutosha, uso na mikono ya mtoto ikionekana, tangu inapoanza mpaka inapokwisha.